Kisanduku cha Tatu

Mwaka juzi, mwezi wa Oktoba, mpwa wangu anayeishi Swansea, kusini mwa Wales, aliniletea karatasi za kufasiri. Si kazi niliyoizoea. Mimi nimezoea kufasiri mashairi, na aghalabu ya washairi waliokwisha kufa, ambao hawapigi simu kuniuliza nimefika wapi. Karatasi hizi zilikuwa ni ile fomu ambayo muuza nyumba katika Uingereza na Wales huijaza ili mnunuzi ajue anachokinunua: mipaka iko wapi, kuna ugomvi na jirani au hakuna, ukuta wa nyuma ni wa nani. Nyumba ni ya mpwa wangu kwa jina, lakini fedha ya mwanzo ilitokana na fungu la mama yake, yaani dada yangu, katika shamba la mikarafuu tuliloachiwa na wazee wetu. Dada yangu yuko huko huko, alimfuata mwanawe, na Kiingereza chake kinaishia kwenye salamu na bei za samaki. Sasa anataka kurudi nyumbani, na ndiyo sababu ya nyumba kuuzwa. Alikuwa amesema neno moja tu: fedha yangu haitoki kwa karatasi nisiyoijua.

Nikafasiri ukurasa baada ya ukurasa bila ya taabu, mpaka nikafika kwenye swali la mstari mmoja. Linauliza kama mali hii imeathiriwa na mmea fulani wa Kijapani. Mbele yake pana visanduku vitatu. Cha kwanza ni Ndiyo. Cha pili ni La. Cha tatu kina maneno ambayo ukiyatia katika Kiswahili moja kwa moja yanakuwa Haijulikani. Mpwa wangu alikwisha weka alama ya penseli, nyepesi, kwenye kisanduku cha tatu.

Makala haya ni juu ya alama hiyo ya penseli.

Mmea wenyewe sikuuona katika kamusi yetu yoyote, nami ilinibidi niuundie jina. Kwa kuwa shina lake lina uwazi ndani na mafundo kama ya mwanzi, niliuita gugu-fundo. Nilipokwisha kuliandika jina hilo nikalitazama tena. Katika lugha yetu fundo halikai kwenye mmea tu. Mtu huweka fundo moyoni, likakaa miaka, na uso wake usioneshe kitu. Sikulikusudia hilo, lakini sikulifuta.

Gugu-fundo huchipua majira yao ya kuchipua, mwezi wa Machi au Aprili, kwa chipukizi nene zenye wekundu. Kufika katikati ya kiangazi limekuwa kichaka cha mita mbili hata tatu, mashina yake yana madoa ya zambarau na majani yake ni mapana mfano wa ngao. Mwishoni mwa Agosti hutoa maua madogo meupe, na nyuki hulishukia kwa wingi, kwa kuwa wakati huo maua mengine yamekwisha pungua. Ikija baridi, lote hufa. Hubaki vijiti vikavu vya rangi ya kahawia, ukivigusa vinagongana kama mianzi. Asiyejua atadhani kazi imekwisha. Lakini uhai wake hauko juu. Uko chini, katika shina linalotambaa ardhini mfano wa tangawizi. Ukilivunja hukatika kwa mlio, na ndani lina rangi ya manjano mabichi. Kipande cha shina hilo chenye uzito wa gramu 0.7, yaani punje chache za karafuu kavu, kinaweza kuanzisha kichaka kipya.

Dada yangu, nilipomweleza hayo kwa simu, aliuliza swali ambalo mtu wa kwetu yeyote angeliuliza kwanza: Linaliwa?

Nikamwambia, naam, huko Japani chipukizi zake huliwa, zina uchachu. Akasema, basi si baya lote.

Kwao Japani linaitwa itadori, nalo ni gugu miongoni mwa magugu. Ni katika mimea ya mwanzo kuota kwenye miteremko ya milima ya volkano baada ya moto kupoa, penye majivu na mawe matupu. Linajipenyeza, linaushika udongo, na mimea mingine inafuata nyuma yake hata ikalisonga. Wadudu wanalila, kuvu zinayashambulia majani yake, na majivu mapya yakilizika linatafuta njia ya kutoka tena. Nguvu zake zote ambazo Waingereza wanazilaani, ule ukaidi wa kukatwa na kuzikwa na kurudi, ni jawabu la maisha hayo. Halikujifunza ukaidi kwa ajili ya kumuudhi mtu.

Aliyelitia katika mikono ya Ulaya ni Philipp Franz von Siebold, daktari wa Kibavaria aliyeajiriwa na Waholanzi. Mwaka 1823 alifika Dejima, kisiwa kidogo kilichojengwa kwa mikono ya watu katika bandari ya Nagasaki, ambako ndiko peke yake Waholanzi waliporuhusiwa kukaa. Mwaka 1829 alifukuzwa nchini kwa kupatikana na ramani, jambo lililokuwa marufuku kwa mgeni. Ramani zilimtia matatani, mimea haikumtia. Baadaye akafungua bustani ya kuuza miche huko Leiden, na mwaka 1847 jumuiya ya kilimo na bustani ya Utrecht ikalipa gugu-fundo medali ya dhahabu kwa kuwa ndilo pambo jipya la kupendeza kuliko yote ya mwaka ule. Mwaka 1850 likapelekwa katika bustani ya kifalme ya Kew, London. Lilisifiwa kwa uzuri wake, kwa kuwalisha ng'ombe, na kwa kushika mchanga. Watu walilinunua kwa fedha zao, wakalipanda mbele ya madirisha yao, wakalimwagia maji.

Mwaka 1886 likaonekana limeota lenyewe karibu na Maesteg, huko huko kusini mwa Wales, juu ya vifusi vya majivu ya makaa. Hapo msomaji na anisubiri kidogo. Mmea uliozaliwa kwenye majivu ya volkano, uliosafirishwa nusu ya dunia, ukawekwa katika udongo mwororo wa bustani za matajiri, hatimaye ulipata nafasi ya kutoka, na mahali ulipopachagua ni kwenye majivu ya viwanda. Watu wa Wales walikuwa wamejijengea volkano zao wenyewe bila ya kujua, na mmea ukaitambua nchi yake.

Jambo jengine ni hili. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Leicester walipoichunguza nasaba ya gugu hili katika Uingereza, waliikuta mimea waliyoipima yote kuwa ni mmea mmoja. Ni wa kike, dume la jinsi yake halipo, na mbegu zake za asili safi hazipatikani. Ukichavushwa, huwa ni kwa jamaa zake wa jinsi nyengine. Kwa hivyo haukuzaa ukaenea. Umekatika vipande ukaenea. Kila kichaka kando ya reli, kila chipukizi nyuma ya banda la mtu, ni mwili ule ule uliopewa medali, umetawanywa na mito kwa sehemu, na kwa sehemu kubwa na watu: katika udongo wa ujenzi, katika kifusi, katika takataka za bustani zinazotupwa usiku.

Vitabu vinauita mvamizi. Mimi, mwenye kuishi kwa maneno, neno hilo linanikwaza. Mvamizi ni mwenye kukusudia. Anakuja kwa miguu yake na silaha mkononi. Huyu alialikwa. Sisi wa visiwani tunawajua walioalikwa wa kila namna. Karafuu ilitoka Maluku, ikapitia visiwa vingine vya bahari hii, ikafika kwetu mwanzoni mwa karne ya 19, na leo hakuna anayeiita ngeni. Kunguru wa Bara Hindi waliletwa Unguja miaka ya 1890 ili wale taka za mji. Wakala taka, kisha wakala mayai ya ndege wengine na vifaranga vya watu, na hakuna anayewaombea maisha marefu. Wote wawili, mti na ndege, waliletwa na mikono ya watu kwa sababu zilizoonekana njema. Hatukuwapima kwa walikotoka. Tumewapima kwa namna walivyokaa na jirani zao.

Sisemi kwamba kisicho na hatia kisiuliwe. Moto hauna hatia, nao huzimwa. Ninachokisema ni kwamba tukiuita mmea mvamizi, kosa linahama. Linatoka kwenye mkono uliobeba, linakwenda kwenye kilichobebwa. Na mkono uliobeba katika jambo hili umekwisha kufa: Siebold aliaga dunia mwaka 1866. Sisi tunajua kwamba deni la marehemu halizikwi naye; linawasubiri waliobaki. Mpwa wangu hakurithi kitu kwa Siebold isipokuwa deni.

Habari yake ilikuwa hivi. Masika ya kwanza baada ya kununua nyumba aliona chipukizi nyekundu chini ya ukuta wa nyuma, upande unaopakana na jirani. Hakuzijua. Mwenzake wa kazini, alipooneshwa picha, ndiye aliyemtajia jina, na akamwambia kwa sauti ya chini, kama mtu anavyotaja maradhi ya aibu. Mpwa wangu akakata, akanunua dawa dukani, akamwaga. Mwaka wa pili zikatoka chache, zimepinda, akamwaga tena. Mwaka wa tatu hazikutoka. Akatandaza vigae vya saruji pale mahali, akaweka meza na viti. Miaka minne ilikuwa imepita tangu hapo.

“Mjomba,” aliniambia, “mimi sijui kama lipo au limekufa. Hiyo ndiyo kweli. Na kisanduku cha asiyejua kimewekwa kwa ajili ya mtu kama mimi.”

Wala hakuwa na hoja dhaifu, na ningekuwa namdhulumu lau ningeificha. Maelezo ya fomu yenyewe, yaliyotolewa mwaka 2020, yanasema kwamba anayeandika La sharti awe na yakini kuwa hakuna shina la gugu hili katika ardhi yake wala ndani ya mita 3 kutoka mpakani, hata kama juu hapaonekani kitu. Asiye na yakini na aweke alama ya tatu. Kisha kuna hofu yenyewe. Huko Uingereza jina la mmea huu likitajwa kwenye karatasi za nyumba, mabenki husitasita kutoa mkopo na wanunuzi hukimbia. Lakini mwaka 2018 watafiti, miongoni mwao wa Chuo Kikuu cha Leeds, walichapisha uchunguzi unaoonesha kwamba hofu hiyo imezidi. Gugu-fundo halivunji msingi ulio imara; hupenya penye ufa uliokwisha kuwapo. Miti mingi ambayo watu huipanda kwa furaha karibu na nyumba ina madhara zaidi. Kile kipimo cha mita 7, ambacho mabenki yalikishika kama aya, hakikuwa na ushahidi wa kutosha. Mwaka uliofuata kamati ya sayansi ya Bunge lao ikasema kwamba Uingereza imekuwa na tahadhari kupita nchi nyingine, na mwaka 2022 wapimaji wa majengo wakakiacha kipimo hicho, wakashika mita 3.

“Sasa,” akasema mpwa wangu, “nikiandika Ndiyo, mnunuzi hatasikia ninachokisema. Atasikia nyumba inabomoka. Neno langu litakuwa la kweli na kitakachoingia kichwani mwake ni uongo. Uongo huo ataubeba nani?”

Nilikaa na swali hilo siku mbili. Kwa mfasiri si swali geni. Mara ngapi neno sahihi, lililo sahihi kwa kamusi, linamfikia msomaji likiwa limebeba kitu ambacho mshairi hakukisema? Nasi tunafanya nini? Tunalibadilisha. Tunachagua neno jengine, pungufu kwa kamusi, lakini litakaloangukia karibu na maana. Je, si ndicho alichokuwa akikifanya huyu kijana?

Nikaanza kusoma juu ya namna gugu hili linavyouliwa, nikidhani nitapata jibu upande huo. Niliyoyapata yalinizidishia mashaka. Kulikata peke yake si kitu. Dawa inayotumika zaidi ni glifosati, nayo ina wakati wake: ukiitia majira ya kuchipua, unaunguza majani tu, yataka itiwe mwishoni mwa kiangazi, maua yanapotoka na baada yake, wakati ambapo mmea unateremsha chakula chini kwa ajili ya baridi, ili uibebe sumu wenyewe mpaka kwenye shina. Kuna uhodari wa kikatili katika njia hiyo, kumsubiri adui wakati anapoweka akiba. Wapo wanaochimba, lakini udongo uliochimbwa huhesabiwa kisheria kuwa taka ya kudhibitiwa, haumwagwi popote. Chuo Kikuu cha Swansea, katika mji anaoishi mpwa wangu, kilijaribu njia 19 katika viwanja vya majaribio kwa miaka mitatu, na matokeo yakachapishwa mwaka 2018. Hata moja haikulimaliza kabisa. Iliyofanya vizuri zaidi ni hiyo ya glifosati kwenye majani.

Mwaka 2010 walijaribu pia kulitafutia adui wa kwao. Walimleta kutoka Japani mdudu mdogo anayefyonza utomvu, jina lake la kitaalamu Aphalara itadori, wakamjaribu kwanza juu ya mimea mingine mingi ili wawe na hakika kwamba hatakula kisichokuwa chake, kisha wakamwachia katika sehemu chache za Uingereza. Baridi ilimshinda, hakuongezeka kama walivyotaraji. Nakiri niliposoma habari hiyo nilitabasamu, nikawakumbuka kunguru wetu. Lakini kuna tofauti, nayo ni kubwa: safari hii watu waliuliza kabla ya kubeba.

La muhimu kwa mpwa wangu lilikuwa jengine. Shina lililotiwa dawa na lisife huweza kulala. Linakaa ardhini miaka bila ya kutoa jani, mpaka siku udongo utakapochimbuliwa, pengine na mtu anayejenga jiko jipya. Kwa hivyo asemapo “sijui kama limekufa” anasema kweli. Hajui. Hata mtaalamu asingejua kwa kutazama.

Lakini swali halikuuliza hivyo.

Nilirudi kwenye fomu nikalisoma kwa utulivu, kama ninavyosoma mstari wa shairi unaonishinda. Kisha nikayatazama maneno ya kisanduku cha tatu. Katika Kiingereza hayana mwenyewe. Ni kutojulikana tu, kumeelea hewani kama ukungu. Na Haijulikani ya kwetu ni hivyo hivyo: nani asiyejua? Hakuna. Lakini Kiswahili kina njia nyengine, nayo haimwachi mtu ajifiche. Sijui. Ile si- ya mwanzo ni mimi mwenyewe, nimesimama mlangoni mwa neno. Huwezi kutamka sijui bila ya kujitaja. Nami nikamwambia mpwa wangu: jaribu kulisema kwa sauti, kwa lugha ya mama yako. Sema, “Sijui kama nyumba hii imeathiriwa na gugu-fundo.”

Akanyamaza.

“Vile vigae,” nikamuuliza, “uliviweka kwa nini?”

“Pa kukaa mama,” akasema. Kisha baada ya muda: “Na nisipaone.”

Kuna kutojua kunakotupata, na kuna kutojua tunakokutengeneza. Mtu asiyejua kilichomo chini ya shamba alilolinunua jana amepatwa. Mtu aliyekiona, akakimwagia, akakifunika kwa saruji na kuweka viti juu, kisha akasema hajui, huyo ametengeneza. Mabwana wa elimu wa zamani, waandishi wa tarehe na wa fat'wa, walimaliza maandishi yao kwa kusema kwamba Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi. Walilisema mwishoni, baada ya kutoa kila walichokuwa nacho. Mpwa wangu alitaka kulisema mwanzoni, na kukomea hapo.

Hapo pia ndipo hoja yake ya hofu ya mnunuzi ilipoanguka, angalau kwangu mimi. Mfasiri anapobadilisha neno ili maana ifike, hapati kitu kwa msomaji kutofahamu. Muuzaji anapata. Fedha inayozidi, ile tofauti ya bei kati ya nyumba yenye Ndiyo na nyumba yenye Haijulikani, ni thamani ya kutojua kwa mwenzake, na inaingia mfukoni mwake yeye. Hofu ya mnunuzi ni mali ya mnunuzi. Unaweza kumpelekea uchunguzi wa Leeds pamoja na jawabu lako, ukamkalisha, ukamweleza. Huwezi kumpimia hofu yake kimya kimya kisha ukajilipa. Sisi tuliosomeshwa chuoni tulilisikia hili mapema, kwamba mwenye kuuza kitu chenye kasoro anayoijua hana budi aidhihirishe. Waingereza kwa zamani walishika lao, kwamba mnunuzi na ajihadhari. Na nadhani ndiyo sababu leo wanahitaji fomu ndefu namna ile.

Nilimtajia pia hukumu ya mahakama moja ya London ya mwaka 2023, ambapo muuzaji aliyeandika La aliamriwa kumlipa mnunuzi fidia ya pauni 32,000, na gharama za kesi juu yake. Nilijuta papo hapo. Maana kuanzia hapo mazungumzo yakawa juu ya mawakili, na mtu akishaanza kusema kweli kwa kuogopa wakili hujui tena unazungumza na nani.

Ilibaki jirani, na hapa sitajidai kuwa nilikuwa na jawabu jepesi. Ni mjane wa Kiwelsh aliyepita miaka themanini. Humletea dada yangu mkate wa zabibu kavu, dada yangu humrudishia sambusa, na hawana lugha hata moja ya pamoja. Gugu lilitoka kwake, au lilikwenda kwake. Shina halina hati ya kuzaliwa. Ikiandikwa Ndiyo upande mmoja wa ukuta, imeandikwa na upande wa pili. Naye hana kingine duniani isipokuwa nyumba ile. Mwaka 2018 Mahakama yao ya Rufaa ilitoa hukumu juu ya nyumba mbili zilizopakana na tuta la reli lililojaa gugu-fundo, na nyumba hizo ziko Maesteg, Maesteg ile ile ya mwaka 1886. Shirika la reli lilionekana na makosa, wala si kwa sababu ya bei kushuka, bali kwa sababu shina likishavuka mpaka huwa ni mzigo juu ya ardhi ya mtu na humpunguzia raha ya kuitumia. Kwa sheria hiyo, mjane yule aweza kuwa mwenye kudaiwa na aweza kuwa mwenye kudai. Kweli ya mpwa wangu ilikuwa na gharama ambayo sehemu yake angelipa mtu mwengine, mzee, ambaye hakuulizwa.

Kwetu haki ya jirani ni kubwa hata watu walikaribia kudhani jirani atarithi. Lakini haki hiyo ni ya kumsitiri au ya kumwambia? Nilichoweza kumwambia mpwa wangu ni utaratibu tu: kabla ya karatasi kufika kwa wakili, mguu wako ufike kwake. Asilisikie kwa barua.

Nikamaliza kufasiri. Kisanduku cha tatu nilikiandika kwa neno Sijui, nikijua kwamba mfasiri mkali zaidi yangu angenisahihisha. Nikamsomea dada yangu kwa simu fomu nzima, ukurasa kwa ukurasa, naye akiitikia. Tulipofika hapo nikamsomea swali, nikamsomea visanduku, nikamwambia mwanawe ametia alama ya penseli kwenye cha tatu.

“Nani asiyejua?” akauliza.

Sikujibu.

“Mimi najua,” akasema. “Nilimwona na ndoo.”

Siku ya pili walikwenda kwa jirani, yeye na mwanawe, na sahani ya sambusa. Mwanawe akafasiri. Bibi yule alisikiliza mpaka mwisho, akauliza itagharimu kiasi gani, kisha akasema amechoka anataka kulala. Wiki mbili mkate wa zabibu haukuja. Wiki ya tatu ulikuja, pamoja na picha ya zamani ya marehemu mumewe amesimama nyuma ya nyumba na mundu, na nyuma yake kichaka kirefu kuliko yeye.

Mnunuzi wa kwanza alijitoa siku aliyoisoma fomu. Nyumba haijauzwa mpaka leo. Septemba iliyofuata alikuja mtu wa dawa, akang'oa vile vigae, akafanya kazi pande zote mbili za ukuta kwa siku moja, na gharama wamegawana. Amesema atarudi kila mwaka kwa miaka kadhaa, na ana karatasi ya dhamana ya kuwapa watakaonunua. Dada yangu bado yuko huko, anasubiri. Ananiuliza kila akipiga simu kama zile chipukizi zikishatiwa dawa zinafaa kuliwa. Nimemwambia hazifai. Anasema ni hasara.